Aislandi walianza na samaki, sisi ziwa tumemwachia nani?

Ndugu Mhariri,

Salamu kwako na kwa wote mnaofanya kazi hapo gazetini. Mimi ni mchuuzi wa mukene, wale dagaa wadogo wa ziwani, nanunua mwaloni Majanji na saa zingine navuka mpaka visiwa vya Namayingo, nauza Busia, mwaka wa kumi na sita huu. Sijawahi kuandikia gazeti. Lakini juzi mlitoa kurasa mbili nzima kuhusu siasa ya nje ya Uganda, nikazisoma zote nimekaa juu ya gunia nikingoja gari, Marekani imo, China imo, Waarabu wa mafuta wamo, Kongo imo, ule mkutano wa nchi zisizofungamana na upande wowote uliofanyika Kampala Januari 2024 nao umo, na Ziwa Victoria halimo hata sentensi moja. Nilirudia kusoma nikidhani nimeruka mstari. Ndo maana naandika.

Nataka niongee juu ya nchi moja ndogo ya Ulaya, Aislandi. Najua mtu atauliza mama muuza mukene na Aislandi wapi na wapi. Nilianza kuijua kwa bendera. Ukizunguka vijiji vya wavuvi huku Namayingo, na hata kule Buikwe, utakuta kazi ya maji, vyoo, shule, na pembeni kuna kibao chenye bendera ya bluu yenye msalaba mwekundu uliozungushiwa mweupe. Vijana wa boti walikuwa wanabishana hapo mwaloni, huyu anasema ni Norwe, yule anasema ni Uingereza wamebadilisha rangi, mpaka mwalimu mmoja akapita akasema hiyo ni Aislandi. Mimi swali langu likawa lingine, mbona watu wa mbali hivyo wamekuja kutafuta wavuvi? Wageni wengi wenye pesa huanzia Kampala na wengi huishia hukohuko. Nikaanza kusoma kwa simu usiku, kidogo kidogo, bando likiisha naacha, naendelea kesho yake, na niliyoyakuta yamenikaa moyoni mpaka leo.

Aislandi ni kisiwa cha baridi huko juu kabisa kaskazini, watu wake wote hawafiki laki nne na nusu, wakati wilaya yetu ya Wakiso peke yake kwenye sensa ya 2024 ilipita milioni tatu. Jeshi hawana. Sisemi jeshi dogo, nasema hawana, wana walinzi wa pwani tu na polisi. Walikuwa chini ya Denmark, wakawa jamhuri tarehe 17 Juni 1944, yaani bado walikuwa wachanga wakati mabibi zetu wanaolewa, na wakati huo karibu kila kitu walichouza nje kilikuwa samaki. Hawakuwa na kahawa wala pamba wala dhahabu. Samaki wao mkubwa ni chewa wa maji baridi, nyama nyeupe, tuseme ni sangara wao.

Sasa shida yao ilikuwa hii. Meli za Waingereza zilikuwa zinakuja kuvua karibu kabisa na pwani yao, meli kubwa za kukokota nyavu chini, miaka na miaka, kwa sababu sheria za zamani zilisema bahari ya nchi inaishia maili tatu tu za baharini kutoka ufukweni. Aislandi wakasema hapana, samaki wakiisha hapa sisi tunaisha. Mwaka 1952 wakasogeza mpaka wao ukawa maili nne na wakafunga ghuba zao. Wenye meli wa Uingereza wakakasirika wakakataa samaki wa Aislandi wasishushwe kwenye bandari zao. Hebu fikiria, mteja wako mkubwa anakufungia mlango na wewe huna kingine cha kuuza.

Hapa ndo nilipowapenda hawa watu. Hawakwenda kupiga magoti. Walikuwa wanachama wa NATO, ule umoja wa kijeshi wa Marekani na wenzake wa Ulaya, tangu 1949, Marekani alikuwa ameweka askari wake kwenye kituo cha Keflavík huko Aislandi kwa mkataba wa 1951, na katikati ya vita baridi kali kabisa wakaenda kuongea na Urusi ya Kisovieti, na 1953 Warusi wakawa wananunua samaki wa Aislandi na wao wanapewa mafuta ya Urusi. Wakubwa wa NATO wakashtuka, manake hawakutaka kuona kisiwa hicho kinaegemea Moscow kwa ajili ya samaki waliokataliwa Uingereza. Mwaka 1956 mlango wa Uingereza ukafunguliwa tena, na zile maili nne zikabaki palepale.

Hawakuishia hapo. 1958 wakasema maili 12, 1972 wakasema 50, 1975 wakasema 200, ambazo ni kama kilomita 370. Kila mara Uingereza ikatuma manowari kulinda wavuvi wake. Watu wanaviita Vita vya Chewa, ingawa mizinga haikuwa ndio kazi yenyewe, kazi ilikuwa kukata nyavu. Meli ya walinzi wa pwani inapita nyuma ya meli ya Mwingereza ikikokota kifaa chenye makali, inakata waya wa wavu, wavu na samaki wote wanazama, basi, safari ya wiki nzima imekwisha. Manowari nazo zikawa zinagonga hizo meli za walinzi ubavuni. Kulikuwa na hasara na kuna fundi mmoja wa Aislandi alikufa 1973 akichomelea meli iliyogongwa, tusisahau, lakini kwa ugomvi wa miaka yote hiyo damu ilikuwa kidogo sana.

Februari 1976 wakavunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza kabisa, nchi isiyo na jeshi. Na huku wanamkumbusha kila mtu kuhusu Keflavík, kwamba kituo kile ambacho Marekani anakitegemea kuangalia nyambizi za Warusi kipo kwenye ardhi yao, na wananchi wao wameanza kuuliza faida ya kuwa NATO ni nini kama mwanachama mwenzako anakugonga na manowari. Norwe ikasaidia kupatanisha, mkuu wa NATO naye akahangaika, na Juni 1976 wakasaini Oslo. Uingereza ikakubali maili 200. Miaka sita baadaye, 1982, mkataba wa sheria ya bahari wa Umoja wa Mataifa ukaandika hizo maili 200 kwa nchi zote zenye pwani, kwa hiyo hata Kenya na Tanzania leo bahari yao inahesabiwa kwa kipimo kilekile ambacho wale watu laki mbili na kitu walikuwa wanakigombania kwa kukata nyavu.

Nimerefusha hapo makusudi, Mhariri, usinikatie. Ninachotaka kuonyesha ni kwamba hawa watu hawakukaa kwanza wakauliza wakubwa wanataka nini ndo wao wajipange. Walianza na mvuvi wao, halafu NATO, Moscow, London, Umoja wa Mataifa, vyote vikapangwa kumzunguka huyo mvuvi.

Na wameendelea hivyohivyo. Kwenye soko la Ulaya waliingia 1994 kwa mkataba wa eneo la kiuchumi, wanauza na kununua, watu wao wanafanya kazi popote Ulaya, ila sera ya pamoja ya uvuvi wakaiweka nje, maji yao yakabaki ya kwao. Mwaka 2008 mabenki yao makubwa matatu yalianguka ndani ya siku chache, na Uingereza ikatumia sheria ya kupambana na ugaidi kushikilia mali ya benki mojawapo, eti ugaidi, nchi haina hata bunduki ya jeshi. Wa kwanza kabisa kunyoosha mkono wakawa wavuvi wenzao wa visiwa vya Faroe, watu wasiofika elfu hamsini wakati ule, wakawakopesha krona milioni 300 za Denmark. Kwa hofu ile Aislandi wakaomba kuingia Umoja wa Ulaya Julai 2009, mazungumzo yakaenda sura baada ya sura, sura ya uvuvi haikufunguliwa hata siku moja, na 2015 serikali nyingine ikaandika barua ya kujitoa. Serikali iliyoingia Desemba 2024 ikasema itawauliza wananchi kwa kura kabla 2027 haijaisha kama mazungumzo yaanze tena. Mimi nadhani wakiulizwa, swali la kwanza kwenye kila meza ya chakula litakuwa samaki.

Kuna kingine cha mwaka huohuo 2008 ambacho sikukijua kabisa. Oktoba, siku chache tu baada ya mabenki kuanguka, Umoja wa Mataifa ulipiga kura ya viti vya Baraza la Usalama vya 2009 na 2010. Aislandi waligombea, wakapata kura 87, Uturuki na Austria wakawashinda. Siku hiyohiyo Uganda tulichaguliwa kwa kura 181. Sisi tuliingia, wao wakabaki nje. Nilifurahi kusoma hivyo, mimi ni Mganda naipenda nchi yangu. Halafu nikakaa nikafikiria ile miaka miwili tuliyokaa kwenye kile kiti, 2009 na 2010, ndo miaka ileile ambayo sisi na Kenya tulikuwa tunavutana juu ya kisiwa cha Migingo ziwani, jiwe lisilofika hata nusu ya uwanja wa mpira, limejaa mabati juu mpaka hakuna pa kukanyaga, na wavuvi wa pande zote wakalala na hofu.

Migingo ni karibu na mimi, nawajua watu waliofanya kazi kule. Mwaka 2009 serikali mbili zikatuma wapima ardhi wa pamoja, wafungue karatasi za mpaka za Waingereza za 1926, waende wapime. Tulishangilia mwaloni siku hizo. Mpaka leo sisi watu wa chini hatujaona mtu amekuja kutuambia mstari unapita hapa, kwa Kiswahili, kwa kuonyesha kidole. Ziwa ni kubwa, karibu nusu ni la Tanzania, la kwetu ni pungufu kidogo ya nusu, Kenya wana kama asilimia 6, na katikati ya maji hakuna jiwe wala boya. Usiku wa giza mvuvi wa mukene anafuata samaki kwa taa, mukene haangalii pasipoti ya mtu, boti inasogea na upepo, asubuhi unajikuta uko kwa mwingine.

Mtoto wa dada yangu yalimpata hayo. Walikuwa wanne kwenye boti, giza limekolea, msimu mzuri, wakazungukwa na watu wenye bunduki. Sitataja ni wa nchi gani kwa sababu sitaki barua hii iwe ya kuchokoza mtu, na ukweli wa Mungu ni kwamba hadithi hii wanayo wavuvi wa nchi zote tatu. Wakachukuliwa, wakakaa siku mbili, simu zimezimwa, dada yangu hapiki chochote, analia tu. Tukachanga, pesa ikatumwa kwa mtu anayemjua mtu, vijana wakarudi. Injini haikurudi, nyavu hazikurudi, taa hazikurudi. Injini ile tulikuwa bado tunalipa mkopo wake kwenye kikundi, na mkopo haukusubiri kesi iishe, tumeumaliza mwaka jana tu, tukilipia kitu ambacho hatuna.

Nikasema hapana, hii ni mambo ya nchi na nchi, wacha nitafute wenyewe. Nikaenda ofisi moja, wakaniambia mama hii ni ya uvuvi. Nikaenda ya uvuvi, wakaniambia hii ni ya usalama. Ya usalama wakasema vijana walivuka mpaka, hii ni ya mambo ya nje, na huku hatuna mtu wa mambo ya nje. Hakuna aliyenitukana, wote waliongea vizuri, mmoja hata alinipa maji ya kunywa. Ila hakuna hata mmoja aliyekuwa na karatasi ya kuandika jina la mtoto wetu. Nilirudi nyumbani jioni nimechoka, nimetumia nauli ya siku tatu, na siku ile ndo niliielewa siasa ya nje ya nchi yangu kuliko kurasa zenu mbili, mnisamehe.

Najua kuna watakaosema Aislandi ni matajiri, tusijilinganishe. Walipoanza hawakuwa matajiri, walikuwa na samaki na ukaidi. Na hata sisi tumeshaonja jambo kama lao. Mwaka 1999 Ulaya ilifunga mlango kwa samaki wa ziwa hili kwa sababu ya habari za watu kuvua kwa sumu, viwanda vikasimama, marehemu mama yangu alikuwa anauza sangara, nakumbuka alivyorudi na ndoo ikiwa imejaa kama alivyoondoka. Wakati huo serikali iliamka kweli, ukaguzi ukarekebishwa, maabara zikatafutwa, wakubwa wakaenda Ulaya wakaongea, na mwaka uliofuata mlango ukafunguka. Kwa hiyo tunaweza. Tuliweza kwa ajili ya sangara wa kiwandani, anayeleta dola. Mvuvi wa mukene aliyekamatwa usiku haleti dola, ndo maana faili lake halina meza.

Wengine watasema huyu mama anataka tugombane na Kenya, tukate nyavu za watu. Sitaki kabisa! Mimi ni Msamia, nusu ya ukoo wangu wako Busia ya ng'ambo, shemeji zangu wanavua kutoka Port Victoria, nikiwa na msiba wanakuja kabla hata majirani hawajafika. Mambo ya maili 200 ni ya bahari kubwa, kwenye ziwa hayafanyi kazi, sangara anakua upande huu anavuliwa upande ule. Kwa hilo hata Aislandi wenyewe sio wa kuigwa kila kitu. Maji yalipoanza kupata joto samaki aina ya bangala wengi wakahamia kwao, na tangu 2010 hivi wamekuwa wakigombana na Norwe na Umoja wa Ulaya na hata wale Wafaroe kuhusu nani avue kiasi gani, kila mmoja anajipimia mwenyewe, na jumla inapita kile wanasayansi walichosema. Na Novemba 2019 kampuni moja kubwa ya samaki ya huko ilitajwa kwamba ilihonga wakubwa wa Namibia ili ipate mgao wa kuvua, mawaziri wawili wa Namibia wakajiuzulu. Hilo liliniuma, kwa sababu Namibia ni nchi ambayo Aislandi yenyewe iliisaidia mambo ya uvuvi tangu ilipopata uhuru 1990. Kwa hiyo siwaabudu.

Lakini wana tabia ya kuchagua. Nchi ndogo haiwezi kuwa kila mahali, na wao wanajua. Balozi zao Afrika unazihesabu kwa vidole, Kampala, Lilongwe, na sasa Freetown, na kila mahali humo kuna wavuvi, wa ziwani au wa baharini. Wana mafunzo yao ya uvuvi ya miezi sita, yalianza 1998 chini ya chuo kikuu cha Umoja wa Mataifa na siku hizi yako chini ya UNESCO, na Waganda wamekwenda kusoma huko. Wanafundisha walichokipitia, samaki, na joto la ardhini ambalo wanapashia joto nyumba zao. Na siku wanapoamua kusema neno la ukweli kwa mkubwa wanasema. Lithuania ilipojitangazia uhuru kutoka kwa Wasovieti 1990 nchi kubwa zote zilinyamaza zikimwogopa Moscow, Aislandi ikaitambua Februari 1991 kabla ya wote, waziri wao wa mambo ya nje Jón Baldvin Hannibalsson alikwenda Vilnius wakati vifaru vya Wasovieti bado viko mjini, na Vilnius leo kuna mtaa unaitwa Aislandi. Kumbuka hao Warusi ndio waliokuwa wateja wao wa samaki. Mwaka 2011 wakaitambua Palestina. Marekani ilipojitoa kwenye Baraza la Haki za Binadamu 2018 wao wakachaguliwa kujaza kile kiti, na mwaka uliofuata wakaongoza azimio kuhusu mauaji ya Ufilipino. Mtu akiwa na chakula chake mwenyewe anaweza kusema.

Sasa naomba nini. Naomba wizara yetu ya mambo ya nje iwe na mtu wake huku kwetu, hata mmoja, hata chumba kimoja Busia, mwenye kitabu cha kuandika jina la kila mvuvi aliyekamatwa nje ya mpaka, siku gani, boti gani, injini namba gani, na mwenye simu ya mwenzake wa Kenya na wa Tanzania ambayo inapokelewa usiku, manake sisi tunakamatwa usiku. Naomba mali iliyoshikwa iwe na risiti. Shirika la uvuvi la Ziwa Victoria liko hapa hapa Jinja, mkataba wake ni wa 1994, nchi tatu zilikaa zikakubaliana, sio lazima tuanze upya, tunaomba tu makubaliano yao yashuke mpaka mwaloni. Na yashuke kwa Kiswahili. Baraza la mawaziri lilikubali Kiswahili kiwe lugha rasmi Julai 2022, na ziwani kilikuwa rasmi zamani sana, Msamia, Mganda, Mluo, Msukuma, wote tunauziana kwa Kiswahili na kutukanana kwa Kiswahili na kuokoana boti ikipinduka kwa Kiswahili. Sheria ya nyavu na mstari wa mpaka zikiwa kwa Kiingereza cha mahakamani, mvuvi anazijua siku anapofungwa tu.

Naomba pia wale Waganda waliosoma uvuvi Aislandi, kama wako ofisini wanasoma barua hii, waje siku moja watusimulie walichokiona huko, jinsi boti inavyopewa kiasi chake cha kuvua na inavyohesabiwa ikirudi. Na wakienda kuongea na Kenya au Tanzania kuhusu ziwa, wachukue angalau mvuvi mmoja na mwanamke mmoja anayekausha mukene waingie chumbani nao. Tunajua vitu ambavyo havimo kwenye karatasi, kwa mfano ni upepo gani wa usiku unaosukuma boti kwenda upande gani.

Na wewe Mhariri ombi langu kwako ni mwandishi. Mkiandika tena habari za nje, tumeni mtu Majanji kwanza kabla hajakwenda hotelini Kampala. Asije wakati mwezi umejaa, boti nyingi zinakuwa zimelala kwa sababu taa haivuti mukene kukiwa na mbalamwezi. Aje giza likiwa limekolea, afike saa kumi na moja alfajiri, boti zinapoingia, awahesabu wanaorudi pamoja na akina mama wanaosimama pale ufukweni, mimi nitakuwa mmoja wao.

Wako,
Mchuuzi wa mukene,
Majanji, Wilaya ya Busia, Uganda